Somo: Daftari la Jupyter, kuanzia seli ya kwanza hadi kumkabidhi mwenzako

Wakuu, habari za jioni. Somo la leo ni daftari la Jupyter, na naanza na lililonikuta mwenyewe. Niliwahi kufanya hesabu za mauzo ya mwaka mzima ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikamaliza saa saba usiku, jedwali limekaa sawa, grafu zinasomeka. Nikamtumia dada mmoja aliyekuwa Bukoba aendelee nilipoishia. Asubuhi akanipigia: seli ya sita (kisanduku cha sita cha kuandikia ndani ya daftari) imegoma, inasema `NameError: name 'punguzo' is not defined`. Nikafungua kwangu, nikaendesha seli hiyohiyo, ikakubali. Ilinichukua nusu siku kugundua kwamba usiku ule niliifuta seli iliyotengeneza kigeu `punguzo` (kigeu ni jina linaloshika thamani), lakini kompyuta yangu ilikuwa bado imekishika kwenye kumbukumbu kwa sababu sikuwa nimeizima. Kazi ilikuwa sahihi kwenye skrini yangu tu.

Kufungua na kuandika tutapita haraka. Uzito wa somo uko hatua ya 4 na ya 5, tafadhali usiziruke.

Daftari hili ni nini

Ni faili moja lenye vitu vitatu kwa pamoja: maelezo yako kwa lugha ya kawaida, msimbo (amri unazoiandikia kompyuta), na matokeo ya msimbo huo papo hapo chini yake, iwe namba, jedwali au grafu. Chanzo chake ni IPython, programu ya kuendeshea Python aliyoianza Fernando Pérez mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa uzamivu huko Colorado, Marekani. Daftari lenyewe lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2014 likawa mradi wa Jupyter, jina lililofinyangwa kutokana na lugha tatu za programu: Julia, Python na R. Mwaka 2016 wanasayansi wa LIGO, vituo vya Marekani vya kunasa mawimbi ya uvutano, walipotangaza kwamba wameyanasa, walitoa data pamoja na madaftari ili mtu yeyote aendeshe hesabu mwenyewe aone. Huko ndiko kushirikishana kazi ninakokusudia.

Hatua ya 1: Kusakinisha

Kwenye Windows, pakua Python kutoka python.org. Kabla ya kubofya kitufe cha kusakinisha, weka tiki kwenye kisanduku cha chini kinachotaja PATH. Wengi hukisahau, kisha wakiandika `python` kompyuta inajibu haiijui. Ukimaliza, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), ingia kwenye folda ya kazi yako, uandike:

```
python -m venv mazingira
mazingira\Scripts\activate
pip install notebook pandas matplotlib
jupyter notebook
```

Mstari wa kwanza unaijengea kazi hii chumba chake, pakeji zake (vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine, kama pandas ya majedwali na matplotlib ya grafu) zisigombane na za kazi nyingine. Mstari wa mwisho utafungua kivinjari chenyewe. Usiifunge terminali, maana ndiyo inayoliendesha daftari.

Kama kompyuta yako ni dhaifu, ingia Google Colab kwa akaunti yako ya Gmail. Husakinishi chochote, na hesabu zinafanyika kwenye mashine zao.

Hatua ya 2: Seli

Daftari ni mfululizo wa seli. Seli ya msimbo unaiendesha kwa Shift+Enter. Seli ya maelezo inatumia Markdown, alama nyepesi za kupanga maandishi: ukianza mstari na alama ya # unapata kichwa cha habari. Bonyeza Esc kwanza, halafu A kuongeza seli juu, B kuongeza chini, M kuigeuza ya maelezo, Y kuirudisha ya msimbo, D mara mbili kuifuta. Ukifuta kwa bahati mbaya, Esc halafu Z. Hizo zinatosha miezi sita ya mwanzo.

Hatua ya 3: Hesabu ya kwanza

Tengeneza faili `mauzo.csv` (CSV ni jedwali la maandishi, koma ikitenganisha safu) lenye safu nne: tarehe, bidhaa, idadi, bei. Jaza mistari kumi kwa mkono: misumari, bati, saruji, chochote. Kisha:

```
import pandas as pd
mauzo = pd.read_csv("mauzo.csv")
mauzo["jumla"] = mauzo["idadi"] * mauzo["bei"]
mauzo.groupby("bidhaa")["jumla"].sum()
```

Igawe hiyo katika seli tatu, na juu ya kila seli weka seli ya maelezo yenye sentensi moja: hapa nafanya nini, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo mwenzako ataitafuta. Kwamba umezidisha idadi kwa bei anaona mwenyewe. Asichoweza kuona ni kwamba uliacha mauzo ya Desemba kwa sababu duka lilikuwa kwenye ukarabati.

Hatua ya 4: Ielewe keneli

Keneli ni ile programu iliyo nyuma ya daftari inayofanya hesabu na kushika vigeu vyote. Unachokiona kwenye skrini ni karatasi, na keneli ndiyo kichwa kinachokumbuka. Karatasi na kichwa vinaweza kutofautiana, na tofauti hiyo ndiyo iliyoniumbua kwa yule dada wa Bukoba.

Jaribu hili sasa hivi, usisome tu. Seli ya kwanza:

```
bei = 4000
```

Seli ya pili, tunaongeza VAT ya asilimia 18:

```
bei = bei * 1.18
bei
```

Iendeshe, unapata 4,720. Sawa kabisa. Sasa iendeshe tena seli hiyo ya pili bila kugusa ya kwanza. Unapata 5,569 na senti. VAT imetozwa mara mbili, msimbo haujabadilika hata herufi moja, na hakuna kosa lolote lililotokea kukuonya. Ukituma hivyo, mteja analipishwa zaidi na wewe unaapa hesabu iko sahihi.

Dawa ni kutoliita jibu jipya kwa jina la zamani:

```
bei_na_vat = bei * 1.18
```

Hata ukiiendesha mara mia, jibu ni 4,720. Angalia pia namba zilizo kwenye mabano ya mraba kushoto mwa seli. Zikisomeka [1], [2], [3] kushuka chini, mpangilio uko salama. Ukiona [7], [2], [15], ujue umerukaruka, na matokeo yaliyo mbele yako yanaweza yasipatikane tena.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa madaftari zaidi ya milioni moja kutoka GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wao. Kati ya yale waliyojaribu kuyaendesha, takriban robo tu yalifika mwisho bila kosa, na asilimia 4 hivi ndiyo yaliyotoa matokeo yaleyale. Wenye madaftari hayo hawakuwa wavivu. Walikuwa wanaamini skrini.

Hatua ya 5: Kukabidhi

Kabla hujamtumia mtu, fungua menyu ya Kernel, chagua "Restart Kernel and Run All Cells". Keneli inasahau kila kitu, kisha inaanza seli ya juu hadi ya chini. Likifika mwisho bila kosa, na namba zikawa zilezile, lihifadhi. Likigoma, shukuru limegoma mbele yako. Mimi siku hizi nafanya hivi hata kabla ya kwenda kulala.

Njia za faili nazo zinaangusha wengi. Ukiandika `C:\Users\...\Desktop\mauzo.csv`, njia hiyo iko kwako peke yako. Weka data kwenye folda moja na daftari, uandike `"mauzo.csv"` basi. Halafu fungua terminali nyingine kwenye folda hiyohiyo, washa `mazingira` kama hatua ya 1, utoe orodha ya pakeji na matoleo yake:

```
pip freeze > requirements.txt
```

Funga folda nzima kuwa zip, ukiliacha nje lile folda la `mazingira`, ni zito na halimsaidii mwenzako. Yeye atajenga lake, kisha ataandika `pip install -r requirements.txt`.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: Mkuu asante kwa somo. Jupyter inafunguka kwenye kivinjari, ina maana inakula bando muda wote?

Hapana. Angalia anwani iliyo juu, imeandikwa localhost:8888. Hiyo ni kompyuta yako inazungumza na yenyewe. Bando linatumika wakati wa kusakinisha tu, au msimbo wako ukienda kuchukua data mtandaoni. Zima intaneti ujaribu, itaendelea.

Mwanachama, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Natumia Colab, jana niliweka faili langu la data pale kushoto, leo nimefungua halipo. Daftari lipo lakini data imetoweka.

Marahaba. Daftari linakaa Google Drive yako, lakini ile mashine ya hesabu unaazimwa tu. Ukiiacha bila kazi inachukuliwa, na hata ukiitumia mfululizo, huduma ya bure haivuki saa 12. Ikiondoka inaondoka na mafaili yaliyomo. Weka data Drive, kisha seli ya kwanza iwe:

```
from google.colab import drive
drive.mount("/content/drive")
```

Faili lako utalikuta chini ya `/content/drive/MyDrive/`.

Mwanachama, Dodoma: Bosi wangu hajui msimbo na hataki kuuona. Anataka maelezo na grafu tu.

Ana haki. Andika kwenye terminali, `mauzo.ipynb` ikiwa jina la faili la daftari lako:

```
jupyter nbconvert --to html --no-input mauzo.ipynb
```

Utapata faili la HTML (ukurasa wa wavuti) lenye maelezo na matokeo, msimbo umefichwa. Analifungua hata kwenye simu.

Mwanachama, Nairobi: Niko na swali kuhusu usalama. Data yangu iko na namba za simu za wateja. Nikituma daftari bila ile CSV niko sawa?

Hauko sawa, na nimefurahi umeuliza. Matokeo yanahifadhiwa ndani ya daftari lenyewe. Kama uliendesha `mauzo.head()` mara moja, mistari mitano ya wateja wako imo, na yeyote atakayelifungua ataiona bila CSV. Chagua kufuta matokeo ya seli zote kwenye menyu ya Edit, hifadhi, ndipo utume. Nywila nazo zisiandikwe kwenye seli kamwe. Kwa wenzetu wa Tanzania, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya mna ya kwenu ya 2019. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake.

Mwanachama, Mwanza: Seli yangu ina nyota [*] tangu saa nne, haitoki.

Nyota maana yake bado inafanya kazi, au seli iliyotangulia haijaisha na hiyo iko foleni. Bonyeza Esc, halafu I mara mbili kuisimamisha. Mara nyingi ni kitanzi cha `while`, amri ya kurudiarudia, kisicho na mwisho.

Mwanachama, Moshi: Mkuu nimefuata hatua ya 3 neno kwa neno, naletewa `KeyError: 'bei'`. Safu ya bei ipo, naiona kwa macho.

Endesha hii ulete jibu: `mauzo.columns.tolist()`

Mwanachama, Moshi: Imeleta `['tarehe', 'bidhaa', 'idadi', 'bei ']`

Umeiona nafasi iliyo baada ya bei, kabla ya alama ya kufunga? Iliingia ulipokuwa unaandika kichwa cha safu. Ongeza mstari huu chini ya ule wa kusoma faili:

```
mauzo.columns = mauzo.columns.str.strip()
```

Mwanachama, Moshi: Imekubali mkuu! Ubarikiwe.

Amina. Sasa iwashe upya keneli, endesha zote kuanzia juu, uniambie kama bado inakubali.