Wali, maharage na soseji kwenye sufuria moja

Kata soseji vipande, zikaange mpaka zipate rangi ya kahawia, zitoe pembeni. Mafuta yaliyobaki usimwage, humo ndimo pa kukaangia kitunguu, hoho na nyanya. Maharage yawe yameshaiva kabisa: ukiyatia mabichi, nyanya itayachelewesha kulainika, na hadi yaive wali umeshakuwa bokoboko. Ile supu nyekundu ya maharage ndiyo ya kupikia mchele badala ya maji matupu, vikombe 2 kwa kikombe 1 cha mchele. Onja kabla ya kutia chumvi, maana soseji nyingi zina chumvi tele. Supu ikikaribia kukauka, rudisha soseji juu, funika, punguza moto kabisa au palia makaa. Ukoko ni haki ya mpishi.