Samaki wa tangi lililotelekezwa: wahamishe polepole

Wiki iliyopita nilimaliza kumsaidia jirani kuhamisha samaki tisa kutoka tangi ambalo kwa zaidi ya mwaka lilikuwa likijaziwa maji tu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kioo kimeota ukijani, filta inadondosha badala ya kutiririsha. Tangi jipya alikuwa nalo tayari, linang'aa, akataka tuwahamishe siku ileile. Nikamkatalia. Miaka ya nyuma nilifanya hivyohivyo: jioni niliwatoa samaki kwenye uchafu nikawatia kwenye maji maangavu, nikalala nikijisifu. Asubuhi saba walikuwa wameelea.

Hatua ya 1: Andaa tangi jipya

Maji yaliyoondolewa klorini, hita (nyuzi 25 zinawafaa wengi wa maji ya joto), kifuniko. Liwashe mapema uone kama linavuja.

Hatua ya 2: Pima maji ya pande zote mbili

Pima pH (kipimo cha uasidi wa maji), amonia (sumu ya kinyesi), naitraiti na naitreti (mazao ya amonia) kwenye tangi la zamani, kisha pH ya maji unayotumia kwa tangi jipya. Tumia vipimo vya matone. Vijikaratasi vya kuchovya sivipendi, rangi zake kila mtu anazisoma kivyake. Dawa ya pili ya kipimo cha naitreti huwa inatuama chini ya chupa. Usipoitikisa kwa nguvu nusu dakika nzima, itakupa jibu zuri la uongo. Rangi ikigota mwisho wa chati, changanya sehemu 1 ya maji ya tangi na sehemu 9 za maji yaliyotoneshwa (yaliyochemshwa yakawa mvuke, mvuke ukarudi maji), upime tena, kisha uzidishe jibu kwa 10.

Kwa jirani, pH ya tangi la zamani ilikuwa 6, ya bomba karibu 8.

Hatua ya 3: Badili maji ya tangi la zamani kabla ya kumgusa samaki

Hapa ndipo nilipopoteza wale saba, kwa hiyo nivumilie.

Tangi likiachwa, bakteria wanaendelea kugeuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti, kisha naitreti. Kazi hiyo inazalisha asidi, asidi inakula kaboneti iliyomo majini, na kaboneti ikiisha pH inashuka. Kujazia maji yaliyokauka hakusaidii, maana kinachopaa hewani ni maji matupu, chumvi na naitreti zinabaki. Yote haya yanatokea kidogokidogo, na samaki anazoea. Ndiyo maana mwenye tangi anakuambia "mbona wako salama?" Kweli wako salama, lakini kwa maji yale tu. Ukiwatupa ghafla kwenye maji yenye chumvi chache na pH tofauti, miili yao haiwahi kujirekebisha.

Kuna mtego wa pili. Kwenye pH 6, karibu amonia yote iko katika umbo la amoniamu, ambalo halina sumu kali. pH ikipanda hadi 8, sehemu iliyo sumu inaongezeka karibu mara 100. Kwa hiyo ukiona amonia kwenye tangi la zamani, halafu ukamwaga ndoo tatu za maji ya bomba kwa nia njema, umewawekea sumu wewe mwenyewe.

Fanya hivi: toa asilimia 10 ya maji kila siku, rudisha maji safi yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, polepole. Amonia ikionekana, shuka hadi asilimia 5 na tumia dawa inayofunga amonia pia. Kuacha maji kwenye ndoo usiku kucha kunaondoa klorini, lakini hakuondoi kloramini (klorini iliyoungana na amonia). Mimi natia dawa kila mara, sibahatishi.

Vuta maji ya juu tu. Usichokoe changarawe! Tope lililolala humo miezi likivurugwa linaachia amonia kwa mkupuo. Usioshe filta siku hizo, wala usiongeze chakula kwa huruma.

Kwa asilimia 10 kila siku, baada ya siku 14 maji ya zamani yanabaki chini ya robo. Jirani alichoka siku ya tano akaanza kuniuliza kama namtania. Nenda kwa kipimo: pH za pande mbili zikipishana chini ya 0.5, na naitreti ikiwa chini ya miligramu 40 kwa lita, endelea.

Hatua ya 4: Hamisha filta pamoja na samaki

Bakteria wanaishi kwenye sponji na changarawe, majini ni wachache sana. Kamua sponji ya zamani kidogo ndani ya ndoo ya maji ya tangi (bombani klorini itawaua), kisha ifunge kwenye tangi jipya saa ileile samaki wanapoingia. Isikauke. Bakteria wa chupa siwaamini kuliko sponji chafu. Na nikiulizwa filta gani, nasema ya sponji na pampu ya hewa.

Hatua ya 5: Kamata na uhamishe

Usiwalishe siku moja kabla. Punguza maji hadi theluthi, toa mapambo, zima taa. Tumia nyavu mbili: mmoja umetulia, mwingine unamsukuma samaki kuelekea huko. Kambare mchukue kwa bakuli, miiba yake inanasa kwenye wavu na kumchana.

Watie kwenye ndoo yenye maji yao, funika, maana wanaruka. Dondosha maji ya tangi jipya kwa mrija wa hewa uliopigwa fundo, matone mawili matatu kwa sekunde, mpaka ujazo uwe maradufu. Kisha wahamishe kwa wavu. Maji ya ndoo yamwage.

Hatua ya 6: Wiki mbili za kwanza

Taa zima siku ya kwanza, chakula kidogo kuanzia siku ya pili. Pima amonia na naitraiti kila siku. Chochote kikizidi sifuri, badili robo ya maji.

Kabla ya kumwaga tangi la zamani, pindua kila jiwe na kila chombo chenye tundu. Jirani alikuwa ameniambia samaki tisa, tukahesabu tisa. Wa kumi tulimkuta ndani ya chungu kilichovunjika, kambare mdogo ambaye hakukumbuka hata kumnunua.