Namna ya Kuchunguza Injini ya Ndege Iliyoanguka Porini

Ndege ndogo inapoangukia mikorosho kati ya Masasi na Nachingwea, wa kwanza kufika ni wanakijiji, wa pili ni polisi, na wa tatu, usipowahi, ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo, majeruhi wakishaondolewa na hatari ya moto ikishadhibitiwa, mwombe mwenyekiti wa kijiji akusaidie kuweka walinzi, kisha piga picha kila kipande kikiwa pale kilipoangukia. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaeleza kuwa lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Mweleze fundi aliyeihudumia ndege jambo hilo mapema, maana mtu mwenye hofu hufunga mdomo.

Swali la kuanzia ni moja: je, injini ilikuwa ikitoa nguvu ndege ilipogonga ardhi? Itazame rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi, kabla ya kugusa injini yenyewe. Mapanga yaliyokuwa yakisukumwa na nguvu ya injini mara nyingi huwa na mikwaruzo inayokatiza upana wake, na ncha zake hujikunja kuelekea mbele. Yaliyosimama hupinda kurudi nyuma, na lililokuwa limeelekea juu huweza kubaki zima kabisa. Pima pia umbali kati ya mikato iliyoachwa ardhini. Ikiwa mikato imepishana sentimita 60, na ndege ilikuwa ikienda mita 36 kwa sekunde, basi mapanga yalikata ardhi mara 60 kwa sekunde. Kwa rafadha ya mapanga matatu, hiyo ni mizunguko 1,200 kwa dakika. Kumbuka tu kwamba upepo nao huweza kuizungusha rafadha ya injini iliyozima.

Kwa injini ya pistoni, anza na mafuta, kwa kuwa kwenye joto letu hukauka upesi. Petroli ya ndege aina ya 100LL ina rangi ya buluu, ilhali Jet A-1 haina rangi au ina umanjano hafifu. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: petroli itakauka, lakini Jet A-1 itaacha doa la grisi, na mafuta hayo kwenye injini ya pistoni huweza kuiharibu muda mfupi tu baada ya kuruka. Chukua pia sampuli kwenye kisima au pipa ndege ilikojaziwa. Kisha fungua plagi zote, uzipange kwa namba za silinda, ulinganishe rangi zake. Barafu ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, haitakusubiri: huweza kutokea hata kwenye nyuzi 25 penye unyevu kama wa Lindi, kisha ikayeyuka bila alama, hivyo andika mkono wa hewa moto, unaotumiwa na rubani kuiyeyusha, ulikuwa upande gani na utafute taarifa ya hali ya hewa ya saa ile.

Injini ya turbini inadai uangalifu zaidi. Katika PT6, inayotumika kwenye Cessna 208 Caravan, shafti ya rafadha haijaunganishwa na ile ya kompresa, sehemu inayokandamiza hewa, kwa hiyo rafadha peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Chungulia ndani: vipanga vya kompresa vilivyopinda kinyume cha mzunguko huonyesha kwamba ilikuwa ikizunguka. Ukikuta vipanga vingi vimevunjika, tafuta kilichotangulia. Kilichovunjwa na ufa uliokua pole pole kwa uchovu wa chuma huwa na mistari laini iliyopangana kama alama za maji yanayokupwa pole pole pale Mikindani, ilhali vilivyovunjwa na vipande vya mwenzao huwa na nyuso zenye chengachenga. Usiunganishe nyuso hizo ili kuona kama zinalingana, wala usizishike kwa vidole vyenye jasho. Msuguano na chumvi hufuta mistari unayoitafuta. Nimewaona watu makini wakilifanya kosa hili kwa shauku tu. Funga kipande kikiwa kikavu, hadi maabara.

Kipande kikikosekana, usifunge jalada. Baada ya ajali ya ndege ya abiria aina ya DC-10 huko Sioux City, Marekani, Julai 1989, sehemu kubwa ya diski ya feni ya injini iliyopasuka ilipatikana karibu miezi mitatu baadaye, kwenye shamba la mahindi wakati wa mavuno. Mwachie mwenyekiti picha ya kipande kinachotafutwa na namba yako ya simu, na umpigie tena msimu wa kuokota korosho utakapoanza.