Namna ya Kufuatilia Ukoo wa Kijerumani Uliosambaa Amerika

Anayetaka kufuatilia ukoo wa Kijerumani uliohamia Amerika katika karne ya 19 atafute kwanza jina la kijiji ulikotoka. Kabla ya 1871 Ujerumani ilikuwa falme na dola nyingi, na kumbukumbu za ubatizo, ndoa na maziko zilitunzwa na usharika au parokia ya mahali; ofisi za serikali za kuandikisha vizazi na vifo zilienea nchi nzima kuanzia tarehe 1 Januari 1876. Kwa hiyo hati ya Marekani inayomtaja babu kuwa mzaliwa wa "Prussia" (ufalme mkubwa kuliko zote za Kijerumani) bila kutaja kijiji haikuonyeshi daftari la kufungua.

Waulize kwanza wazee wa ukoo walio hai, kisha kusanya barua, Biblia za familia na picha za makaburi. Nchini Marekani, sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kuorodhesha kwa jina kila mtu huru wa kaya, na ile ya 1900 iliuliza mwaka wa kuhamia. Sensa ya 1890 karibu yote imepotea, hivyo usipoteze muda mwingi kuitafuta.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: wafuatilie ndugu wote wa tumbo moja, si babu yako peke yake. Watu wa Pomerania, jimbo la Prussia lililo pwani ya Bahari ya Baltiki, walihamia Wisconsin tangu 1839, na miongo miwili baadaye wengine wakaelekea Espírito Santo nchini Brazili. Wajerumani wa Volga, yaani waliokuwa wamelowea kando ya mto Volga, walioondoka Urusi katika miaka ya 1870 waligawanyika, baadhi wakafika Kansas na wengine Entre Ríos nchini Ajentina. Mara nyingi kijiji ambacho karani wa Marekani hakukiandika kimeandikwa na mchungaji wa Brazili alipomzika dada wa mtu huyo huyo. Huko Rio Grande do Sul, ambako walowezi wa kwanza wa Kijerumani walifika São Leopoldo mnamo Julai 1824, tafuta madaftari ya sharika za Kilutheri, maana uandikishaji wa kiraia ulianza nchini kote mwaka 1889 tu. Kwa waliokwenda Valdivia na Llanquihue nchini Chile, uandikishaji huo ulianza 1885.

Ukishapata mwaka wa safari, fungua orodha za abiria za bandari ya Hamburg, ambazo zimesalia kuanzia 1850 hadi 1934. Mstari mmoja wa orodha hiyo una jina, umri, kazi, mahali alikotoka abiria na bandari aendako. Hicho kisehemu cha mahali ndicho ulichokuwa ukikitafuta. Angalia pia orodha za waliopitia bandari za Uingereza, kwa kuwa waliandikwa kando. Bandari ya Bremen, kwa bahati mbaya, ilipoteza karibu orodha zake zote za karne ya 19, na kwa abiria wake utategemea orodha zilizoandikwa walikoshukia.

Majina yasikupoteze. Wilhelm aligeuka William, Guilherme au Guillermo kulingana na nchi, na mtoto aliyebatizwa Johann Peter kwa kawaida aliitwa Peter tu. Usikubali kuwa umempata mtu wako mpaka umri, majina ya wenzake wa safari na dhehebu vikubaliane. Maandishi yenyewe ni ya mwandiko wa Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani, ambamo herufi e hufanana sana na n, na u hutofautishwa na n kwa alama ndogo iliyopinda juu yake; jizoeze kwa kunakili alfabeti hiyo kwa mkono kabla ya kusoma daftari.

Hatimaye kitafute kijiji katika kamusi ya mahali ya Meyer ya mwaka 1912, inayoonyesha kilikuwa chini ya wilaya gani na kama kilikuwa na kanisa lake. Madaftari ya Kiprotestanti yaliyopigwa picha yako kwenye tovuti ya Archion kwa malipo, na mengi ya Kikatoliki yako kwenye tovuti ya Matricula bila malipo. Ikiwa kijiji kiko Pomerania ya mashariki, leo ni sehemu ya Polandi na kina jina la Kipolandi: tafuta katika hifadhi za nyaraka za Polandi na pia Standesamt I mjini Berlin, ofisi ya uandikishaji inayotunza madaftari ya kiraia yaliyosalia ya maeneo ya zamani ya mashariki, na katika barua yako ya maombi andika majina yote mawili ya kijiji, dhehebu la familia na mwaka unaoukadiria.