Jinsi ya kulichunguza jina la mtoto wa kiume kabla hujampa, mfano Liam

Kama umelipenda jina Liam usiridhike na zile kurasa zinazokupa maana kwa neno moja eti "shujaa" basi, lifuate mpaka lilikotoka. Liam ni kifupisho cha Uilliam, ndo William ya Kiayalandi, na William yenyewe imetoka Kijerumani cha kale, wil ni nia na helm ni kofia ya vita, yaani mtu mwenye nia thabiti na anayelinda, mi naona ni maana nzuri sana kumpa mtoto. Uingereza jina lilishika mizizi baada ya William Mshindi kuiteka nchi mwaka 1066.

Ukishajua asili nenda kwenye takwimu. Marekani mamlaka ya hifadhi ya jamii inatoa orodha ya majina kila mwaka, data zinarudi nyuma mpaka 1880 na ni bure kabisa. Utaona Noah alikuwa namba 1 kisha 2017 Liam akampiku. Ila angalia hapa, orodha inahesabu kila spelingi peke yake, kwa hiyo Aiden, Aidan na Ayden yanakaa kama majina matatu wakati ukiita uwanjani wote wanageuka, we jumlisha zote ndo upate picha kamili. Na usiangalie mwaka mmoja, soma angalau miaka kumi mfululizo.

Mwisho litamke kwa sauti pamoja na jina la ukoo, mara kadhaa, ukiwa unamwita kwa upole na ukiwa unamkaripia.