Mchicha wa jioni kwa mtoto wa miaka miwili

Mtoto wa miaka miwili akitema mchicha, wakubwa husema anadeka. Mara nyingi shida ni meno. Magego ya nyuma huota kati ya miezi 23 na 33, na kabla hayajatoka jani refu halisagiki: nusu limeshuka kooni, nusu lingali ulimini, mtoto anataka kutapika. Ndiyo maana tunaanza na kisu.

Chambua fungu moja, ubakize majani na ncha laini. Osha mara tatu, kila mara ukiyainua majani kutoka majini. Ukimwaga beseni, mchanga uliotulia chini unarudi juu ya majani, na mtoto akiusikia menoni hataki tena. Kata nyembamba, kisha geuza ubao ukate upande wa pili, vipande visizidi sentimita moja.

Kaanga kitunguu kilainike, tia nyanya iliyomenywa na karoti moja iliyokwanguliwa, inayoongeza utamu. Nyanya ikirojeka, weka mchicha kwa dakika 5. Malizia na nusu kikombe cha tui zito, moto mdogo, ukikoroga mfululizo lisikatike. Mafuta ya tui hupunguza ukakasi na husaidia mwili kufyonza vitamini A. Mtengee mtoto wake kabla hujatia pilipili na chumvi ya wakubwa. Mnavu ni mchungu: chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha changanya sehemu moja kwa tatu za mchicha.

Njaa nayo ipangwe. Mnakula saa 1 usiku? Uji, maziwa au juisi viishe saa 10 jioni. Baada ya hapo ni maji tu. Kikombe cha chai ya maziwa saa 12 kinaharibu mlo wote, na lawama huangukia mboga.

Mezani, mpe kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, basi. Kilima cha mboga humtisha. Kata tonge dogo la ugali, bonyeza kishimo kwa kidole gumba, umwache achote mwenyewe, hata akichafua mkeka. Kaka na dada wale mboga hiyohiyo mbele yake.

Akikataa, ondoa sahani bila maneno, mletee tena keshokutwa. Watoto wengi huhitaji kuonja mara 10 hadi 15 ndipo wazoee, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne. Kumshika kidevu na kumlisha kwa nguvu kunarudisha hesabu nyuma. “Maliza mchicha nikupe nyama” nako kunamfundisha kwamba mchicha ni adhabu. Nyama na mboga viwekwe pamoja tangu mwanzo.

Choo kikiwa na rangi ya kijani kesho yake, usishtuke. Cha kuogopa ni kupaliwa: usimpe karoti mbichi wala karanga nzima. Karanga zisage, uzikoroge kwenye mboga badala ya tui.