Ruzuku ya ndani ya chuo: mwandikie msomaji asiye wa fani yako

Unapoomba ruzuku ya utafiti inayotolewa na chuo chako mwenyewe, kumbuka kwamba kamati inayopitia maombi mara nyingi huundwa na wanataaluma wa fani mbalimbali, hivyo mwanahistoria anaweza kukabidhiwa andiko la mwanakemia alipime. Kwa sababu hiyo, ukurasa wa kwanza ueleze tatizo, swali la utafiti na manufaa yake kwa lugha ambayo msomi yeyote ataielewa, na istilahi nzito zibaki katika sehemu ya mbinu. Jambo ninaloliona kuwa na uzito zaidi, na ambalo ni rahisi kulisahau, ni kuonyesha fedha hizo zitazaa nini baadaye: ruzuku za ndani kwa kawaida ni ndogo na nyingi hukusudiwa kuwa mtaji wa kuanzia, kwa hiyo taja mfadhili wa nje ya chuo utakayemwendea, na ueleze ni matokeo yapi ya awali yatakayokuwezesha kumshawishi. Bajeti nayo ifuate kazi iliyoelezwa, kila kifungu kikiwa na sababu yake. Ikiwa utafiti unahusu watu, anza mapema kushughulikia kibali cha maadili, kwa kuwa ukusanyaji wa data hauruhusiwi kabla hakijatolewa.